Shabaha Kwanza, Kamera Baadaye

Katika mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi wengi siku hizi hutumia kamera za dijitali kutengenezea zana. Hilo ni jema. Lisilo jema ni kuiachia kamera ijiamulie kila kitu. Wapo wasemao kwamba kuchagua modi ni kazi ya wapiga picha wa harusi. Kwa maoni yetu, ni kazi ya mwalimu, kwa sababu kamera haijui shabaha ya somo.

Tuchukue mfano wa hapa Hombolo. Mwalimu anayefundisha jinsi mmomonyoko wa udongo unavyolijaza tope bwawa letu, lililojengwa mwaka 1957, anahitaji modi ya mandhari, yenye alama ya milima. Tundu la lenzi hubanwa, hivyo korongo lililo karibu na maji yaliyo mbali huonekana wazi kwa pamoja. Akitumia modi ya sura, yenye alama ya kichwa cha mtu, tundu hupanuliwa na bwawa hugeuka ukungu. Mwanafunzi hataona uhusiano uliokusudiwa.

Kwa suke la mtama au jani la mzabibu, achague alama ya ua, ili lenzi ilenge kitu kilicho karibu sana. Kwa watoto wanaokimbia, achague alama ya mkimbiaji. Hapo kamera hupokea mwanga kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na miguu iliyo hewani huonekana bila ukungu.

Hata hivyo, modi haichukui nafasi ya macho ya mwalimu. Sisi wenyewe tuliwahi kuwapiga picha wanafunzi wa darasa la pili wakiwa wameyapa mgongo maji yanayometa. Kamera ilipima mwanga ule mwingi, ikaupunguza, na nyuso zote zikawa giza tupu. Tulipoibandika picha ukutani, mtoto mmoja alijitafuta kwa kidole, asijione, akarudi kuketi kimya. Ingetosha kuwageuza walielekee jua la asubuhi. Tangu siku ile tunashikilia kwamba picha mbaya si kosa dogo: humnyima mtoto nafasi yake katika somo.

Basi, kabla ya kugusa kamera, mwalimu aandike katika andalio la somo: mwanafunzi aone nini? Jibu la swali hilo ndilo litakalomchagulia modi.