Mikono ya Wasafishaji wa Maofisi

Mtumishi wa umma aingiapo ofisini asubuhi hukuta sakafu inang'aa, na ni nadra aulize mikono iliyoing'arisha iko katika hali gani. Mingi imepasuka. Huwasha usiku kucha, na mwenyewe akiulizwa hujibu kuwa ni sabuni tu.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ngozi ya binadamu hulindwa na utando mwembamba wenye mafuta. Maji mengi huulegeza, sabuni ya unga huyaondoa mafuta yake, na hapo dawa yenye klorini au tindikali ya kusafishia vyoo hupenya kwa urahisi zaidi. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba sabuni na toluini, kiyeyusho kinachotumika katika rangi na gundi, vikipakwa kwa kupokezana huidhuru ngozi kupita kila kimoja kikiwa peke yake. Hivyo maandishi ya chupa yasemayo kuwa dawa ni salama yaweza kuwa kweli na bado msafishaji akaumia, maana hakuna asafishaye kwa chupa moja. Makanika wa gereji hali yake ni hiyo hiyo: hutoa oili chafu kwa petroli, kisha huiondoa petroli kwa sabuni ya unga.

Glavu ni kinga ya lazima, lakini zikiingia maji au zikivaliwa kutwa nzima, jasho huiloweka ngozi ndani yake. Kwa sababu hiyo zahitaji kubadilishwa, na mikono ikaushwe na kupakwa mafuta. Gharama yake si kubwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Siku hizi, hata hivyo, usafi wa maofisi mengi hutolewa kwa zabuni, na mwenye bei ndogo ndiye apendwaye. Afisa anayetia sahihi hana budi kuuliza bei hiyo imepunguzwa wapi, na kudai glavu na mafuta ya mikono viandikwe ndani ya mkataba.

Walimu nao wasijitoe. Katika shule nyingi wanaosafisha vyoo ni wanafunzi, na watoto hao hawamo katika mkataba wowote.