KONA YA FAMILIA: Pete ya Mama na Vizibo vya Muhazi

 

Mwezi huu tulipanga kuongea juu ya daftari na sare za shule. Hayo yatangoja kidogo. Kuna mzazi wa Kiziba aliyetuuliza kama ni vizuri watoto kutafuta vyuma pembeni ya ziwa ili wauze, na wiki ileile mama mmoja wa kwetu hapa mjini alipoteza pete yake ya ndoa majini. Mambo haya mawili tumeyaona ni jambo moja.

Huyu mama alikwenda na watoto kwenye ziwa Muhazi, lile ziwa refu jembamba ambalo mto Nyabugogo unatoka humo na kuja mpaka huku kwetu mjini. Alikuwa anawaosha watoto, maji yamemfika magotini, sabuni mkononi. Vidole vimekonda tangu augue. Pete ikateleza. Nyinyi mnaoishi na vitu vichache mtaelewa: ile pete ilivuka mpaka pamoja naye kutoka Masisi, imeshonwa ndani ya pindo la kitenge. Mzee wake hakuvuka. Basi msimwambie mtu kama huyo kwamba pete ni pete tu, atanunua ingine.

Tukamtafuta jamaa mmoja tunayemwita Fundi. Zamani alifanya kazi ya kutegua mabomu ya ardhini, na sasa ana mashine ya kutafutia madini ardhini, ile wachimbaji wa dhahabu kule Tanzania wanaiita ditekta. Ni fimbo yenye sahani chini. Sahani inatoa nguvu ya sumaku, na nguvu ile ikigusa chuma chochote, chuma kinajibu na mashine inalia. Sahani ya Fundi inaingia majini bila shida, lakini kile kisanduku cha juu chenye betri hakitaki maji hata tone. Tulikifunga ndani ya mfuko wa plastiki wa nyumbani, naye akakishika juu kama mtoto mchanga.

Tulidhani saa moja tutakuwa tumemaliza. Wee! Mashine ililia hatua ya kwanza. Tukachota matope kwa kikapu cha waya: kizibo cha Primus. Hatua ya pili, kizibo cha Fanta. Halafu msumari, kipande cha bati, karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ndoana, betri ya redio iliyooza, vizibo vingine. Kufika saa sita tulikuwa tumetoa vitu zaidi ya sitini na pete hakuna. Vijana wetu wakaanza kuchoka. Mmoja akauliza, kwa nini usiiambie mashine inyamaze ikikuta taka?

Fundi alitufundisha vizuri hapo. Alisema kweli kuna kitufe cha kunyamazisha. Chuma cha kawaida, kama msumari, kina sauti nzito, na shaba au sarafu ya fedha ina sauti nyembamba. Lakini dhahabu nyepesi ya pete iko katikati, na palepale katikati ndipo vinapokaa vile vipete vya kufungulia makopo ya soda, na karatasi ya sigara pia. Ukinyamazisha kipete cha kopo, umenyamazisha na pete ya mama. Na kizibo kwa sababu ni cha duara, kinaweza kudanganya kama sarafu. Kwa hiyo mtu anayetafuta pete lazima achimbe taka. Hakuna njia ya mkato.

Ila alituonyesha ujanja wa kupunguza kazi. Ukiinua sahani kidogo na sauti ikafa mara moja, kitu ni kidogo na kiko karibu. Ukiinua sana na bado inalia, ni kitu kikubwa, labda kopo zima. Tena, taka usirudishe majini! Kila kizibo kiingie mfukoni, la sivyo kesho utakichimba tena. Na msitafute kwenye matope laini ya juu peke yake, kwa sababu kitu kizito huzama mpaka kikute udongo mgumu.

(Wa upande wa Goma na Rubavu mjue kwenu ni kazi zaidi. Mawe ya volkano yana chuma ndani yake, na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilifika mpaka ndani ya ziwa Kivu. Pale mashine inaweza kulilia mawe.)

Sasa tumjibu mzazi wa Kiziba. Saa saba mchana kikapu kilileta donge zito, la duara, kutu tupu. Kijana wetu akataka kuligonga kwenye jiwe aone ndani. Fundi alipiga kelele ambayo hatujawahi kumsikia nayo. Akakipokea kikapu, akakiweka chini taratibu majani yalipo, akachomeka kijiti chenye kitambaa, akatuondoa wote mbali, ndipo akapiga simu polisi, namba 112. Walipokuja wakatazama: ni pinioni ya baiskeli iliyoshikwa na udongo. Watoto walicheka sana. Fundi hakucheka. Alisema afadhali angeliacha lilipokuwa bila kulishika kabisa, amekosea.

Rwanda ilitangaza mwaka 2009 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yaliyojulikana, na hiyo ni kazi kubwa ya kushukuru. Lakini gruneti moja iliyotupwa na mtu anayekimbia haikuandikwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Kutu haiiui. Maji hayaiui. Na kwa mashine, gruneti na kizibo vyote vinalia. Pale Morogoro shirika la APOPO linafundisha panya wakubwa kunusa baruti yenyewe na kuvipita vyuma vya bure. Panya wao Magawa, aliyefanya kazi Cambodia, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020. Watoto wetu hawana pua ile. Kwa hiyo mzazi, jibu letu ni hapana. Mtoto asiokote chuma asichokijua, wala majini wala nchi kavu, hata mnunuzi akimwahidi faranga. Tena kwenye maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wa kichocho. Wakubwa wakiingia wavae buti, na mchana wa jua kali ndio mbaya zaidi.

Pete tuliipata Jumamosi ya pili, karibu saa nne. Mashine ililia sauti ya kipete cha kopo, sauti tuliyoisikia labda mara thelathini, na kijana aliyekuwa na kikapu alichota akiwa anapiga miayo. Mama hakusema neno. Aliisuuza, akaifunga kwa uzi mweusi shingoni kwa sababu kidoleni haikai tena.

Mfuko wa taka tuliupeleka kwa mnunuzi wa vyuma. Alitoa pesa ya chai mbili, na vizibo akavikataa. Watoto wanavichezea dama.