Void Haiongezi Kasi

Mmewasikia wanaotaka kila mwito wa printf katika C utanguliwe na void ndani ya mabano. Hoja yao: kompaila isipoambiwa kwamba thamani inayorudishwa haitakiwi, huitunza bure na programu inachelewa. Haya, tukague. Andika printf("habari\n"), kisha usome asembli inayotolewa na GCC. Printf haimo, pamewekwa puts, iliyo nyepesi zaidi. Ongeza void: asembli ni ile ile. Sasa iulize printf kama jibu lake ni chini ya sifuri, nayo inarudi palepale, kwa kuwa hurudisha idadi ya herufi ilizoandika, na puts haiahidi hivyo. Maana yake kompaila ilikwisha kuona yenyewe kuwa jibu halitumiki. Void iliiambia nini kipya?

Dai la pili ni kwamba kurudisha thamani ni mzigo. Kwenye Linux ya x86-64, int hurudi ndani ya rejista ya eax. Asiyeitaka haigusi, basi. Wangetaja struct inayozidi baiti 16, ningewasikiliza: aliyeita hulazimika kuitengea nafasi kwenye kumbukumbu hata kama ataitupa, isipokuwa funksheni imeyeyushwa ndani ya mwitaji. Hawakuitaja.

La tatu ndilo linaloniudhi. Wanasema jibu likitupwa, kompaila hufuta mwito mzima. Kumbe kompaila ile ile iliyokuwa kipofu katika dai la kwanza sasa inajua kila kitu! Ukweli ni kwamba hufuta pale tu inapojua kazi haina athari nyingine, kama strlen. Write na setuid hubaki na kufanya kazi yake. Kinachopotea ni taarifa kwamba zimeshindwa. Mwaka 2010, adb ya Android iliita setuid ili ivue mamlaka ya root, bila kutazama jibu. Washambuliaji walijaza kikomo cha idadi ya michakato, setuid ikagoma, adb ikaendelea na root yake.

Wakibanwa, hujitetea kwamba void ni tamko tu la mwandishi: nimeona, nimeacha kwa makusudi. Tamko gani lisilotambuliwa na kila kompaila? Funksheni ikiwa na alama ya warn_unused_result, Clang hunyamaza ikiona void, lakini GCC huonya vilevile.