Ripoti Ambayo Mwenyeji Haisomi

Ripoti za safari za umisheni zinazosomwa makanisani mwetu zinafanana mno. Timu ilifika salama, mkutano wa injili ukafanyika, watu wakampokea Yesu, nguo na madaftari vikagawiwa. Kisha huja aya ya mwisho yenye mafunzo ya kiroho: tumejifunza kushukuru, maana tumeona watu wasio na kitu wakimsifu Mungu kwa furaha. Waumini hupiga makofi, na picha ya watoto waliovalishwa fulana za timu hubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Toleo hili linazungumzia safari hizo, hasa zile ambazo makanisa yetu yenyewe yanazifanya sasa kwenda Kongo, Burundi na Msumbiji. Nami nina neno moja tu. Hilo somo la kushukuru, kwa jinsi tunavyolisimulia, ni somo bovu, kwa sababu linamgeuza mwenyeji kuwa kipimo cha baraka zetu. Somo la kweli ni lile ambalo mwenyeji mwenyewe amekufundisha, na mara nyingi haliji bila aibu kidogo.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, wale sabini walitumwa bila mfuko wala mkoba, na wakaagizwa wale watakachoandaliwa. Agizo hilo husomwa kwa kawaida kama somo la imani katika riziki, na ni kweli, lakini lina jambo jingine ndani yake. Anayeingia mji wa watu bila akiba hana ujanja: lazima aombe, apokee, akae mezani kwa mtu na kufuata taratibu za nyumba hiyo. Sisi tunaenda na masanduku. Mchungaji anayetupokea anahamisha wanawe wakalale sebuleni ili wageni wapate chumba chenye chandarua. Anachinja, pengine kwa kukopa. Timu nayo imekuja na katoni za maji ya chupa na biskuti, inaonja vijiko viwili kwa adabu, kisha inakula chumbani mlango ukiwa umefungwa. Usiku mama wa nyumba anaosha sahani zilizorudi zimejaa, na hakuna mstari wa ripoti unaomtaja. Hapo ndipo penye somo la kiroho la safari nzima, nasi tumelipita tukikimbilia mkutano wa jioni.

Wapo watakaosema huu ni ukali usio na ushahidi, kwamba safari hizi huwabadilisha waendao. Basi tuangalie ushahidi. Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, timu nyingi za Wakristo wa Amerika Kaskazini zilikwenda kujenga nyumba. Mwanasosholojia Kurt Ver Beek, mwenyewe Mkristo aliyeishi Honduras, alizifuatilia. Timu ilitumia takriban dola 30,000, nauli zikiwemo, kwa nyumba ambayo shirika la Kikristo la huko liliijenga kwa dola 2,000 hivi. Waliopewa nyumba na wageni hawakuonyesha tofauti ya maana, kiroho wala kijamii, na wale waliojengewa na wenzao wa Honduras. Wasafiri nao walisema maisha yao yamebadilika, lakini kumbukumbu za michango yao hazikuonyesha mabadiliko makubwa. Sisomi matokeo hayo kama shtaka dhidi ya Wamarekani. Yanatuonya sisi tunaoanza kukodi mabasi na kununua tiketi: kuguswa moyo na kubadilika ni mambo mawili, na la kwanza halihitaji pasipoti.

Mfano wa kinyume tunao karibu. Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda, alifika Mboga mwaka 1896, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo mipaka ya wakoloni ilikuja kupaweka upande wa Kongo. Alipigwa na kufungwa, na mtawala Tabaro aliyempinga baadaye akabatizwa. Lakini wasimuliaji wengi huishia kwenye mateso hayo na ushindi wake, ilhali kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Mganda wa siku hizo aliweza kujiona mstaarabu mbele ya watu wa msituni, na Apolo alikuwa na kila sababu ya kuwatazama hivyo Wambuti, wakazi wa msitu wa jirani. Badala yake, katika uzee wake, aliketi kujifunza lugha yao na kuwa chanzo cha tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha hiyo. Alipofariki mwaka 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi.

Pingamizi lenye uzito zaidi dhidi ya hoja hii ya kukaa na kujifunza ni mfano wa Paulo. Thesalonike hakukaa sana. Matendo ya Mitume inataja sabato tatu za kuhojiana katika sinagogi, na kanisa likazaliwa. Sawa, lakini aliondoka usiku kwa sababu ya ghasia, si kwa sababu ratiba ilikuwa imekwisha, na baadaye akamrudisha Timotheo akawatazame. Korintho alikaa mwaka mmoja na nusu akishona mahema nyumbani kwa Akila na Prisila, na Efeso akakaa zaidi ya hapo. Sidai kwamba mwalimu au muuguzi mwenye likizo ya wiki mbili abaki nyumbani. Aende. Ila ajue kwamba wiki mbili zinamtosha kuwa mgeni tu. Jembe la siku ya tatu hajakabidhiwa, na asijifanye mkulima.

John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitamka mwaka 1971, akiwa Marekani, kwamba wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yasimame. Wengi walichukia, ingawa Mkutano wa Makanisa ya Afrika Nzima uliibeba hoja hiyo Lusaka mwaka 1974. Kanisa lililotoa sauti ile halina udhuru wa kwenda kwa jirani na kufanya yaleyale lililoyakataa.

Kwa hiyo ninawaomba wenyeviti wa kamati za umisheni jambo dogo linaloweza kufanyika mwaka huuhuu. Kabla ripoti haijasomwa Jumapili, itumwe kwa mchungaji aliyewapokea, kwa lugha anayoisoma, naye apewe ruhusa ya kufuta na kuongeza. Aulizwe pia alitumia kiasi gani kuwakaribisha, na kama angependa mrudi. Akisema hapana, hilo nalo lisomwe mbele ya waumini.