Nani Akae na Furu?

Mwezi huu tunaweka kando mapishi na mishono. Tunataka kuwaeleza habari za tangi la kioo lenye samaki, ambalo watoto wetu hapa Kiseke walituomba mpaka tukachoka kukataa.

Baba yao alilitengenezesha kwa fundi vioo, wakaletewa furu wanane kutoka ziwani, kila mmoja kama kidole. Sisi tulizoea kumwona furu kikaangoni tu. Kumbe jike wake hubeba mayai kinywani kwa wiki mbili au tatu, karibu bila kula kitu, na vifaranga wakishaanguliwa hukimbilia mdomoni mwa mama yao wakiona hatari. Tuliacha sufuria jikoni tukakaa kutazama.

Ndipo tukakosea. Kijana wetu mkubwa alileta sangara wa shibiri moja, aliyenaswa pamoja na dagaa. "Mama, huyu bado mtoto, atakaa na wenzake." Tukakubali, wala hatukukumbuka kwamba sheria inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50. Baada ya wiki tatu walibaki furu watatu. Yule jike mwenye mayai hakuwamo. Binti yetu mdogo alilia mpaka usiku.

Tulipotafakari tuliona kwamba ziwa lenyewe limepita njia hiyo hiyo. Sangara si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na furu waliokuwa wa aina mamia wakapungua mno. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 zilipotea. Mama aliyekuwa akianika furu juani bila gharama alijikuta na samaki mwenye mafuta, anayehitaji kuni za kumkausha. Minofu ikaenda viwandani na Ulaya, na wengi wetu tukauziwa mapanki. Hatumlaumu sangara kwa yote, maana amejenga nyumba nyingi Mwanza na kusomesha watoto. Na tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameanza kuonekana tena.

Basi, ukitaka samaki mla nyama tangini, usimpime kwa ukubwa wa leo. Uliza atafika wapi, kisha tazama mdomo wake: kinachoingia humo kitaliwa. Sangara hupita mita moja na nusu. Kambare naye hupita mita, tena huwinda usiku ninyi mkiwa mmelala. Kamongo usimfikirie kabisa, meno yake yanaweza kuumiza hata kidole cha mtoto.

Gogogo anafaa zaidi. Hula konokono na wadudu, mchana hujificha, ingawa vifaranga wa furu akiwapata hatawaacha. Mshike kwa kitambaa kizito, ana miiba mikali. Hata miongoni mwa furu wamo wala samaki. Wapo wanaonyonya watoto kutoka kinywani mwa mama! Ukitaka kufuga wa namna hiyo, wenzake wawe na umbo kama lake, tangi liwe la lita 200 au zaidi, na mawe yawe mengi ya kujifichia. Mawe hapa kwetu hatuna haja ya kununua. Jike mwenye mayai mhamishie kwenye chombo chake. Maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo siku nzima ili dawa itoke.

Sangara wetu hatukumrudisha ziwani, tukiogopa kupeleka magonjwa ya tangini. Aliishia chunguni siku ya Jumamosi. Kijana wetu alikula ugali kwa mchicha, samaki hakumgusa.