Ukibania dawa, utalipa kwa picha

Wasee wa filamu, leo acha niseme ukweli. Juzi nilimpiga shosho picha 36 huko ushago. Nikaisafisha hiyo filamu na D-76 iliyobaki nusu chupa tangu mwaka jana, eti sitaki kununua nyingine. Ikatoka wazi kama kioo. Shosho hayuko, hata zile namba za pembeni haziko.

Makosa ni yangu. Kodak wenyewe wanasema D-76 ikishachanganywa hukaa miezi 6 kwa chupa iliyojaa na kufungwa vizuri. Ikiwa nusu chupa, ni miezi 2 tu. Hewa ndiyo huiua. Na hata ikiwa mpya huchoka: lita 1 ni kama roli 4.

Kubania dawa si kuokoa pesa. Dawa utanunua tena, ile siku huwezi. Andika kwa chupa tarehe na idadi ya roli. Kabla ya kusafisha, tumbukiza kipande cha mwanzo wa filamu ndani ya dawa, taa zikiwaka. Kikikataa kuwa cheusi baada ya dakika chache, dawa imekufa.

Hebu enda uangalie chupa yako sasa hivi.