Mwanafunzi wa Kiswahili na Uzamili wa Taaluma za Kiislamu: Nani Atazisoma Hati?

Kila mwaka, masomo ya shahada ya kwanza yanapofikia tamati, hujitokeza wahitimu wachache wa Kiswahili ambao nia yao haiko kwenye isimu wala kwenye uhakiki wa riwaya. Hao hutaka kusomea uzamili wa taaluma za Kiislamu na za kieneo, yaani fani inayoichunguza dini pamoja na lugha, sheria, biashara na safari za watu wa eneo ambamo dini hiyo imeota mizizi. Punde wautangazapo uamuzi huo hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa kunong'ona: je, hilo si somo la Waislamu? La pili huulizwa waziwazi, aghalabu na wazazi: mwenye shahada hiyo ataajiriwa na nani?

Maswali hayo yana majibu, tena mafupi. Fani hii haimtaki mtu asilimu, wala haimtaki Mwislamu aiweke kando imani yake. Inamtaka mtafiti awe na ithibati. W. E. Taylor, aliyezikusanya tungo za Muyaka mjini Mombasa katika karne ya 19, alikuwa mmishonari wa Kianglikana. Ama kuhusu ajira, Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 170, inazipa mahakama za makadhi mamlaka juu ya masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale ambapo pande zote ni Waislamu. Elimu ya dini ya Kiislamu hufundishwa katika shule za upili. Makavazi nayo yanahitaji watu wanaokielewa wanachokihifadhi. Hakuna anayeahidi utajiri hapo. Lakini hata mhitimu wa fonolojia hajapata kuahidiwa utajiri.

Swali zito ni la tatu, na hilo haliulizwi na wazazi wala na kamati za ufadhili. Je, mhitimu huyo anaweza kuisoma lugha yake jinsi ilivyoandikwa kabla ya enzi za ukoloni? Kwa wengi, jibu ni la. Mwanafunzi anaweza kupata daraja la kwanza katika Kiswahili, akaieleza historia ya lugha hii kutoka nadharia hadi nadharia, na bado akiwekewa mbele yake ukurasa mmoja wa utendi katika mwandiko wa Lamu asijue pa kuanzia, kushoto au kulia.

Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu zaidi ya kilivyoandikwa kwa herufi za Kirumi. Miongoni mwa barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana imo iliyotoka Kilwa mwaka 1711, nayo imehifadhiwa Goa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Ni mwanachuoni wa Mombasa, Sheikh Yahya Ali Omar, akishirikiana na P. J. L. Frankl, aliyeichapisha barua hiyo na kuifafanua katika miaka ya 1990. Katika karne ya 20 maandishi ya Kirumi yalitawala shuleni na ofisini, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasanifisha lugha ndani ya hati hizo. Tangu hapo maandishi ya zamani yakawa mali ya wazee, ya masanduku na ya wageni.

Kuna wanaodhani kwamba ajuaye Kiarabu anaweza kuisoma miswada hii bila taabu. Si kweli. Kiarabu kina irabu fupi tatu. Kiswahili kina tano. Katika tahajia ya zamani alama moja ilibeba i na e, na nyingine ikabeba u na o. Herufi ba iliweza kusimama mahali pa b, p au mb. Fa mahali pa f au v. Ghaini mahali pa g, ng na ng'. Neno lililoandikwa kwa ba na ta, kila moja na fataha yake, laweza kuwa bata, pata au mbata. Mwarabu asiyejua Kiswahili hawezi kuamua kama anayezungumziwa ni ndege, ni bahati au ni nazi kavu. Kinachoamua ni maana ya ubeti na mazoea ya lahaja. Panapokuwa na shaka kati ya i na e mwishoni mwa mshororo, vina humtegulia msomaji kitendawili. Panapokuwa na shaka kama silabi imeachwa, mizani husema.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapomzidi mtaalamu yeyote wa Mashariki ya Kati. Arudhi aliyoisoma katika mwaka wa kwanza, ambayo pengine aliiona kuwa kazi ya kuhesabu silabi kwa vidole, ni chombo cha kusomea hati. Fonolojia aliyoisoma katika mwaka wa pili inamwezesha kuzijua sauti ambazo mwandishi alikosa herufi zake. Anachokosa ni herufi zenyewe, na herufi za Kiarabu ni 28. (Istilahi yenyewe ya irabu, aitumiayo kila siku darasani, ilitoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ambako kutia irabu ni kuweka zile alama juu na chini ya herufi.)

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba anayezijua herufi hizo mara nyingi ameketi dawati la pili. Yupo mwanafunzi aliyetoka Lamu, Siyu, Mambrui au Vanga, ambaye alizikariri akiwa mtoto na anausoma msahafu kwa tajwidi bila kigugumizi. Hata hivyo, hajaambiwa na mtu kwamba herufi zile zile ziliandika mashairi, mikataba ya mashamba, hati za wakfu na barua za mapenzi za Kiswahili. Kando yake ameketi aliyetoka Kitui au Kakamega, bingwa wa mizani na vina, ambaye anadhani maandishi ya Kiarabu yote ni Kurani na kwamba si yake kuyagusa. Kila mmoja ana nusu ya ufunguo. Miaka minne hupita bila ya wawili hao kupewa kazi moja ya kufanya pamoja, kwa kuwa idara ya Kiswahili iko ghorofa moja na idara ya dini iko ghorofa nyingine.

Matokeo yake huonekana katika tasnifu. Chukua mfano wa Muyaka. Tungo zake ziliishi katika vinywa vya watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikumbuka na kuziandika kwa herufi za Kiarabu. Taylor akazipokea kwake. Na mwaka 1940 William Hichens akazichapisha kwa Kirumi, Taylor akiwa ameshafariki. Utafiti wa Mohamed Hassan Abdulaziz uliochapishwa mwaka 1979 uliwapa wasomaji ufahamu mpana zaidi wa tungo hizo na mazingira yake. Lakini nyaraka za Taylor ziko London, na mwanafunzi anayemhakiki Muyaka leo bila kujua herufi hana njia ya kuuliza kama neno linalomtatiza lilitungwa na Muyaka, lilikumbukwa na Mwalimu Sikujua, au lilisomwa vibaya na mmishonari. Atalijengea neno hilo nadharia nzima ya uana au ya umarksi, kumbe ni nukta moja iliyodondoka.

Au chukua mfano wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchongaji na fundi wa mwandiko, na aliwanakilia tendi Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Leo kazi za mkono wake ziko London na Berlin, na kitabu kikubwa juu yake, kilichohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke, kilichapishwa Ujerumani mwaka 2010. Wajerumani hawastahili lawama kwa kufanya kazi nzuri. Ila ni vigumu kueleza ni kwa nini kazi kama hiyo isifanywe pia na mwanafunzi wa uzamili anayeweza kwenda Lamu kwa basi na mashua.

Neno "kieneo" nalo lina uzito wake, na hapa pia mwanafunzi wa Kenya huteleza. Tasnifu nyingi hupewa anwani inayoishia "nchini Kenya", kana kwamba maulamaa wa karne ya 19 walisimama mpakani wakisubiri kugongewa muhuri. Habib Saleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, alitoka Ngazija. Sayyid Ahmad bin Sumeyt alizaliwa Ngazija pia, akasoma Hadhramaut, akawa kadhi Unguja hadi alipofariki mwaka 1925. Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu akafundisha Unguja. Sheikh Uways, aliyeieneza Qadiriya pwani nzima, alikuwa mtu wa Barawa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, fikra za mageuzi alizozitangaza zilikuwa zimekwisha kujadiliwa Misri. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Mzanzibari, aliyechapisha tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969, ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Huwezi kumfahamu hata mmoja wao kwa kukaa ndani ya mipaka ya taifa moja.

Aidha, kuna shinikizo jingine ambalo halina budi kutajwa. Baada ya mashambulizi ya mabomu ya Agosti 1998 jijini Nairobi na Dar es Salaam, na hasa baada ya Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako wanafunzi waliuawa wakiwa mabwenini, fedha za utafiti juu ya Uislamu zimekuwa zikifuata usalama na itikadi kali. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba jambo hilo lisitafitiwe. Waliopoteza wana wanastahili majibu. Hata hivyo, pwani yenye karne nyingi za maandishi ikigeuzwa kuwa jalada la polisi, mwanafunzi atahitimu akijua majina ya makundi yote yenye silaha na asijue jina la mtunzi mmoja wa Siyu. Msimamizi anayemshawishi mwanafunzi wake abadilishe mada kwa sababu "hii ndiyo yenye ufadhili" anamsaidia kulipa karo, ila anamwibia fani.

Kwa mintarafu hii, idara za Kiswahili hazina sababu ya kusubiri mabadiliko makubwa ya mitaala. Kozi moja ya muhula mmoja katika mwaka wa tatu, ya kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, yatosha kuanzia. Mwalimu wake si lazima awe na uzamifu. Kwingi pwani wapo wazee na walimu wa madrasa wanaoweza kuialikwa kazi hiyo na wakalipwa kama walipwavyo wengine. Mwanafunzi anayetaka kuendelea na uzamili naye, kabla ya kutia saini barua ya ufadhili, angefanya vyema kuuliza mambo ambayo barua hiyo huyanyamazia. Je, Kiarabu kinafundishwa humo au kinatajwa tu? Je, Kiswahili kinahesabiwa kuwa lugha ya vyanzo, au ni lugha ya kuhojia wenyeji? Na nakala za hati atakazozipiga picha zitabaki wapi? Hilo la mwisho ndilo ambalo mwenye sanduku huuliza kwanza, na ana haki. Miswada ya Riyadha ilipowekwa katika mfumo wa dijitali chini ya programu ya British Library ya nyaraka zilizo hatarini, hati zenyewe zilibaki Lamu, na picha zake zikawekwa wazi kwa kila mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza kuzifungua usiku huu bila ya kuomba viza ya kwenda popote, mradi ajue kuzisoma.

Vilevile si lazima kila safari ya uzamili ipitie Ulaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliichapishia orodha mwaka 1970. Kutoka Mombasa, basi linaloondoka alfajiri hufika Dar es Salaam siku hiyo hiyo.